Gauni la Mteja wa Mbali

Utepe ulikuwa mweupe, upana wake kama kidole gumba, umekunjwa vizuri chini ya kitambaa cha kupigia pasi. Sikuwa napekua. Shangazi alikuwa ametoka kununua vifungo na ameniachia bitana tatu za kunyoosha, na kitambaa cha kupigia pasi hukaa kwenye droo ya pili. Nilivuta kitambaa, utepe ukaanguka miguuni pangu.

Nilijua ni kitu gani. Kila gauni la harusi lililotoka kwenye duka la shangazi lilikuwa na utepe wa namna hiyo, umeshonwa ndani ya kiuno, mahali ambapo hapaoni mtu ila mvaaji. Shangazi aliudarizi kwa mkono wake: jina la bibi harusi, jina la bwana harusi, na tarehe. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alisema cherehani haijui kuandika jina la binadamu.

Nikausoma kama mtu anavyosoma kibao cha duka anapopita. Jina la kwanza lilikuwa langu. Nikadhani ni la mtu wa jina moja na mimi. La pili lilikuwa la baba yangu. La tatu la babu. Kisha likaja neno "na", halafu majina ya Daktari wa Meno, yule bwana wa sauti ndogo aliyekuwa akija kula kwa shangazi kila Jumapili. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi inayokuja. Tiketi yangu ya kurudi nyumbani, kisha chuoni, ilikuwa ya Jumatano.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Sikupiga kelele. Nilisimama nikiwa nimeshika ule utepe kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu ambacho si chake. Nikausoma tena kutoka nyuma kwenda mbele, nikitumaini majina yatabadilika. Harufu ndiyo iliyonizindua. Pasi nilikuwa nimeiacha juu ya bitana.

"Mwanachuo, kuna kinachoungua."

Fundi alikuwa ametokea chumba cha nyuma. Alipita mbele yangu, akainua pasi, akaisimamisha kwenye kitako chake. Bitana ilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi kamili. Aliitazama, akanitazama mimi.

Watu wote pale mtaani walimwita Pini. Wakati wa kazi alikuwa na pini mdomoni, nne, tano, wakati mwingine kumi, na ukimwuliza jambo alijibu kwa kichwa. Alikuwa amefanya kazi kwa shangazi miaka minne, na shangazi alipenda kusema kwamba ni kijana pekee mjini asiyejua uongo, kwa sababu hana nafasi mdomoni ya kuuweka.

Nikamwonyesha utepe.

Alichomoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha pini alichovaa mkononi. Hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Umeuona," alisema.

"Wewe ulikuwa unaujua?"

"Kuujua vipi? Si wako?"

"Nakuuliza, Pini. Ulikuwa unajua kwamba hili gauni ni langu?"

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeyazoea macho yake kwenye kioo, kwa wiki sita, yakiinuka na kushuka kati ya bega langu na pindo. Siku hiyo yalikuwa macho ya mtu aliyekosea njia akagundua ameshafika mbali.

"Wewe hukujua?" aliuliza.

Nikakaa juu ya lundo la vitambaa.

Nilikuja kwa shangazi mwanzoni mwa likizo ndefu, kabla ya kuingia mwaka wangu wa mwisho. Hatukuwa tumeonana tangu nikiwa na miaka minane. Yeye ni dada mkubwa wa baba, aliondoka kwetu na mkasi na namba ya simu ya mtu mmoja, akafungua duka lake ugenini na hakurudi tena isipokuwa kwa misiba. Wiki ya kwanza tu alinisimamisha mbele ya kioo kile kirefu cha mabawa mawili, akanizunguka.

"Nina mteja wa harusi yuko mbali," alisema. "Hawezi kuja kupimwa. Mwili wenu mmoja kabisa. Utanisaidia kusimama?"

Ningekataaje? Nililala kitandani kwake, nilikula mezani kwake. Kila Alhamisi nikapanda kwenye stuli, Pini akapiga magoti, tukaanza. Alipima kwa utepe wa futi bila kunigusa, akiushika kwa ncha za vidole. Wakati mwingine pumzi yake ilipita kwenye kiwiko changu na wote wawili tukajifanya hatukuiona. Wiki ya tatu nilimwambia, "Atakayevaa hili ana bahati." Alichukua chaki yake akatoka nje, akarudi baada ya robo saa na macho mekundu, akasema ni vumbi la pamba.

Sasa alikuwa amechuchumaa mbele yangu katikati ya moshi mwembamba wa bitana.

"Mama aliniambia siku ya kwanza," alisema. Yeye alimwita shangazi Mama. "Alisema, hili ni la binti wa mdogo wangu, anaolewa na daktari. Ana haya, usimtanie na usilitaje mbele yake. Nami sikulitaja. Halafu wewe ukawa unaita 'gauni la mteja wa mbali'. Nikasema, kweli, umetoka mbali. Nikadhani ndiyo mizaha yenu ya chuoni."

"Na niliposema ana bahati?"

"Nilidhani unajisifia bwana wako. Mbele yangu. Nimepiga magoti nakushikia pindo."

Kila nilichokikumbuka cha wiki zile kilikuwa kinageuka upande wa pili, kama nguo iliyovuliwa haraka ikabaki ndani nje.

"Na siku ile kwenye ngazi," nikasema.

Aliinamisha uso. Alijua ni siku gani. Wiki ya nne tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya duka tunakula mkate wa mchana, na mimi, baada ya kujikaza sana, nilimwambia kwamba nikimaliza chuo nitarudi. Nilitamka "nitarudi hapa" huku nikimtazama, ili asikose kuelewa. Yeye alikunja karatasi ya mkate mara nne, akasema, "Usirudi." Hakuongeza neno. Nililia chooni kwa shangazi bomba likiwa wazi, na kwa siku nne sikumpa hata salamu.

"Ungerudi kuishi na yeye mtaa wa pili," alisema. "Ningekuwa nakuona ukipita na mikoba ya sokoni. Kila siku. Ningefanyaje mimi?"

Kengele ya mlango ililia. Shangazi aliingia na pakiti ya vifungo, akanusa.

"Nani ameniunguzia nyumba?"

Kisha akaona utepe mkononi mwangu. Akaiona na bitana. Akamwona Pini amechuchumaa, mdomo wake mtupu. Akaweka vifungo mezani taratibu, akageuza kibao cha mlangoni kiseme "Tumefunga".

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Shangazi, hili ni jina langu."

"Ni lako. Nimelidarizi siku tatu. Angalia hiyo herufi ya kwanza, nimeifumua mara mbili."

"Naolewa Jumamosi?"

"Keti vizuri, mwanangu."

"Nimeketi."

Nilikuwa nimesimama. Hata sijui nilisimama saa ngapi.

Shangazi alivua viatu, kama alivyofanya kila alipotaka kukata kitambaa cha thamani. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Hilo lilinishtua kuliko utepe wenyewe.

"Nimeshona magauni ya harusi miaka ishirini na miwili," alisema. "Unajua wangapi wameingia kwa mlango huo wanalia? Hawataki, hawajui, wana wasiwasi. Nabishana nao? Sibishani. Nawavisha. Wakijiona kwenye kioo wananyamaza. Wakinyamaza wanakubali. Nilitaka nawe ujione kwanza, gauni likiwa limekamilika. Ningekwambia Alhamisi."

"Alhamisi ningekuwa kwetu. Nina tiketi ya Jumatano."

"Tiketi husogezwa."

"Na chuo?"

"Vyuo viko hata huku. Daktari mwenyewe ameulizia."

"Daktari." Nilitaka kucheka, sauti ikatoka vibaya. "Shangazi, mimi nilidhani daktari anakutaka wewe."

Ni kweli nilidhani hivyo. Jumapili baada ya Jumapili yule bwana alikaa mezani, akasifia mchuzi, akaniuliza kuhusu masomo, akaaga. Akiondoka nilikuwa namtania shangazi: huyu mpaka lini, mwishowe atakung'oa meno yote bila kusema neno. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya aproni. Mimi nikaona ni kicheko cha mwanamke anayependwa.

Hata sasa midomo yake ilitetemeka kidogo. "Mimi, na meno haya?"

"Usinichekeshe, Shangazi."

"Ni mtu mzuri. Hapigi kelele, hanywi, ana nyumba yenye madirisha. Na baba yako anajua."

Hapo ndipo nilipotafuta kitu cha kushika. Pini alisogeza stuli, nikashika stuli.

Shangazi alipiga simu palepale, akaweka sauti kubwa. Baba alipokea akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama afariki.

"Bibi harusi," alisema. "Nimepata ruhusa kazini. Nafika Ijumaa. Nimenunua viatu, vinanibana, lakini nitavumilia."

"Baba."

"Nakusikia."

"Nani alikwambia nimekubali?"

Nilisikia gari likipita upande wake wa simu.

"Shangazi yako. Alisema mmekaa, mmeongea, umekubali mwenyewe. Alisema una haya kulizungumza na mimi, nisikuulize." Sauti yake ilishuka. "Si ulikubali?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anapanga vifungo mezani kwa ukubwa wao.

"Nitakupigia, Baba," nikasema. "Usivae hivyo viatu."

Alipokata simu, pasi ilitoa mlio. Pini aliichomoa waya.

"Umewaambia wote wasiniulize," nilimwambia shangazi. "Baba, Pini, daktari. Wote mmejua kwamba nina haya. Mimi peke yangu ndiye sikujua."

"Ungekataa."

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana." Alisema bila ukali. Kisha akakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokonda, mifupa ya mabega imechomoza chini ya blauzi aliyojishonea mwenyewe na ambayo sasa ilimpwaya. Fundi kama yeye kuvaa nguo inayompwaya. Nililiona na sikulielewa. "Nimekula peke yangu miaka ishirini na miwili, mwanangu. Naosha sahani moja. Nikiumwa najichemshia maji mwenyewe. Ulipokuja nikaanza kuosha mbili, nikajua sitaweza kurudi kwenye moja. Nilitaka mtu wangu mtaa wa pili. Ni kosa hilo?"

"Ungeniomba nirudi."

"Ungerudi kwa ajili yangu?"

Macho yangu yalikwenda kwa Pini kabla sijayazuia, na shangazi, ambaye alipima watu kwa macho kabla ya kuchukua futi, akayafuata.

"Aa," alisema.

"Mama," Pini alianza.

"Wewe nyamaza. Miaka minne huna neno, leo umelipata?" Akanigeukia. "Huyu? Anaishi chumba kimoja juu ya duka la viatu. Ana cherehani na redio."

"Redio imeharibika, Mama," alisema Pini.

Shangazi alimtazama kana kwamba meza imezungumza. Kisha alinyanyuka, akaenda kwenye kabati la kioo, akalitoa gauni kwenye mfuko wake.

"Tufanye hivi," aliniambia. "Livae. Mara moja tu. Ujitazame vizuri. Ukishajiona, ukasema hapana, nitampigia daktari mimi mwenyewe. Nakuapia kwa mkono huu unaonilisha. Lakini ujitazame, usifumbe macho."

Nilikubali. Leo nikijiuliza kwa nini, naona nilikuwa na hakika mno ya jibu langu.

Nilivaa nyuma ya pazia, juu ya shimizi yangu, nikatoka, nikapanda stuli. Shangazi alifungua mabawa mawili ya kioo.

Sikuwa nimewahi kuliona likiwa zima. Alhamisi zote lilikuwa vipande: leo kifua, leo mikono, leo pindo. Sasa lilikuwa limekuwa kitu kimoja na kitu hicho kilikuwa mimi. Lilianguka kutoka kiunoni kama maji yanavyotoka kwenye jagi. Shingo yangu, ambayo siku zote nimeiona fupi, ilikuwa ndefu. Nilitaka kusema hapana, na neno likakwama. Nilijipenda. Nilisimama pale nikiwa nimeibiwa, na nilijipenda, na nikaogopa sana.

"Unaona?" shangazi alisema polepole nyuma yangu. "Unaona mwanangu?"

Pini alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto, kama siku zote. Nilimwona kwenye kioo akichukua pini kutoka kwenye kifuko na kuzipeleka mdomoni. Nikajua anachofanya. Alikuwa anajifunga.

"Usizitie mdomoni," nikamwambia.

Mkono wake ulisimama. Akazirudisha pini. Alipozungumza hakunitazama mimi.

"Mama, ubavu wa kushoto sijaupitisha cherehani."

"Ubavu gani? Uliniambia umemaliza tangu wiki ya tatu."

"Nilikudanganya."

Shangazi aliweka mkono kwenye meza.

"Ni bandi tupu," Pini aliendelea. "Kutoka kwapani mpaka nyongani. Kila asubuhi naliweka kwenye cherehani, nalitoa. Mguu unakataa kukanyaga. Nikasema nitashona kesho. Nikapiga bandi yenye mishono midogo ili usione."

Wasioshona nguo huenda hawajui bandi. Ni mshono wa muda wa mkono, wa kushikilia vipande viwili mpaka cherehani ipite. Ni uzi mmoja mrefu wenye fundo upande mmoja tu. Ukilikata fundo na kuuvuta uzi, unatoka wote.

"Miaka minne," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. "Miaka minne hukunidanganya hata kipimo cha kifungo."

"Ni hilo tu, Mama. Sina jingine."

Niliinua mkono wa kushoto. Kwenye kwapa, mahali ambapo hakuna anayetazama, kulikuwa na fundo dogo la uzi wa rangi ya maziwa. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli ile Alhamisi tatu na fundo hilo likiwa kwenye ngozi yangu.

"Shangazi, naomba mkasi."

Hakusogea. Nilinyoosha mkono na kungoja. Alikuwa na mkasi wake mdogo shingoni kwa utepe, kama kawaida, na angeweza kukataa. Angeweza kupiga simu yoyote aliyoitaka. Kwenye kioo nilimwona akinitazama mimi, si gauni, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama tangu nishuke kwenye ndege. Kisha akauvua mkasi kichwani, akaniwekea kiganjani.

Nilikata fundo. Nikavuta.

Uzi ulitoka bila kelele, mrefu, mrefu zaidi ya nilivyofikiri, na ubavu wa gauni ukafunguka kidogo kidogo kuanzia juu, hadi shimizi yangu ya kawaida ikaonekana, ile ya chuoni, yenye kiraka. Nusu ya mwanamke kwenye kioo ilikuwa bibi harusi. Nusu nyingine ilikuwa mimi.

"Hapana, Shangazi," nikasema.

Alikaa kwenye lundo la vitambaa, pale nilipokuwa nimekaa mimi. Halafu akachukua simu.

"Daktari," alisema. "Usije Jumamosi saa kumi. Hapana, haumwi. Ni mimi niliyekosea kipimo." Akasikiliza. "Kosa langu, daktari, si la mtoto. Njoo Jumapili kula kama utaweza kunitazama."

Alipomaliza aliniomba utepe. Akaukata kwa mkasi ule ule, mbele ya neno "na", akanipa kipande chenye majina yangu matatu. Kingine alikitia mfukoni.

"Chako hicho," alisema. "Na wewe," akamwambia Pini, "una bitana moja ya kukata upya. Msichana kaiunguza."

Jumatano nilisafiri. Pini alinisindikiza mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Mdomo wake ulikuwa mtupu na bado hakupata la kusema mpaka foleni ilipofika zamu yangu. Ndipo akasema, "Rudi."

Nilirudi mapema kuliko tulivyopanga, katikati ya muhula, baada ya simu ya saa sita mchana. Shangazi alikuwa amezikwa siku mbili kabla sijafika. Alijua tangu kabla ya likizo ile kwamba ana ugonjwa usiopona, Pini ndiye aliyeniambia. Alijua, akataka kuosha sahani mbili kwa muda uliobaki, na hakuona namna ya kuniomba.

Tulifungua duka pamoja kupanga vitu vyake. Kwenye droo ya pili, chini ya kitambaa cha kupigia pasi, kulikuwa na utepe mweupe mpya. Jina langu. La baba. La babu. Neno "na". Kisha herufi mbili za mwanzo za jina la Pini, lile jina halisi ambalo mtaani hakuna aliyelijua, na sindano imechomekwa mahali pa herufi ya tatu, ikiwa na uzi wake. Tarehe hakuandika.

Utepe huo tuliumalizia mwaka uliofuata, kwa ajili ya harusi yetu. Yeye alinyoosha utepe kwa vidole, mimi nikadarizi kwa sindano ile ile. Herufi mbili za shangazi zimenyooka. Zangu zote zimepinda.